Binya Mara Mbili

Jumatatu, 3 Machi

Bila mimi, mieleka katika mji huu ingekuwa ni wanaume wanaokumbatiana kwa hasira. Neno hili naliandika hapa kwa sababu nikilisema watu wanacheka, na daftari halicheki.

Daftari lenyewe nimelinunua leo. Kurasa mia mbili, jalada gumu. Sababu ni hii: saa nne asubuhi Promota amekuja ukumbini nikiwa napanga viti. Mimi ndiye mtunza ukumbi. Funguo zote ninazo, hata za choo cha wageni wa heshima, kwa hiyo ukumbi ni wangu, hao wengine ni wenye makaratasi tu. Akaniambia Jumamosi tarehe 22 wapwa zangu watapigania mkanda wa ubingwa wa wawili wawili. Wapinzani ni Pipa na Mfuniko. Mkanda! Miaka minne naungoja. Na kwenye bango, chini kabisa, wataandika: Kocha – Mjomba. Nikamwambia aandike kwa herufi kubwa. Akasema ataangalia nafasi.

Kwa hiyo lazima historia iandikwe, na ya kweli anayo mtu mmoja.

Wapwa zangu, watoto wa dada yangu mkubwa, ndio Nyundo na Msumari. Nyundo ni kaka mtu – kilo mia na kumi na nne, anapakia mifuko ya saruji kutwa nzima na anarudi nyumbani anaulizia kama kuna kazi. Msumari ni mdogo wake, kilo sitini na tano akiwa ameshiba. Ni fundi simu, mikono myepesi kama ya mwizi. Majina nimewapa mimi. Kabla yangu walijiita Simba Wawili, na mji huu una Simba Wawili kila kona, hata duka la matairi.

Mapambano kumi na tisa ya kwanza walipoteza yote. (Watu nawaambia matatu.) Katika kazi hii kupoteza unapangiwa. Promota anakwambia leo unalala, unalala. Watu wa nje wakisikia hivyo wanasema basi ni maigizo. Sawa, mshindi amepangwa. Sakafu haijapangwa. Sakafu ni mbao na turubai juu yake, na haina habari nani kapangiwa nini.

Kilichowatoa gizani ni Pigilio. Nimelibuni mimi, jikoni kwa dada, kwa kutumia kijiko na uma. Linakwenda hivi: mpinzani amelala chali katikati ya ulingo. Nyundo anambeba Msumari begani kama gogo, wameshikana viganja vya kulia. Anakimbia hatua tatu, anamtupa. Msumari anapaa – mita nne, mimi nimepima – anatua kifuani kwa yule aliyelala, na mikono yake miwili inagonga sakafu kwanza ili kishindo kiishie mikononi. Refa anahesabu moja, mbili, tatu. Kwisha kazi.

Ila kabla ya kumtupa kuna siri. Nyundo anabinya kiganja cha mdogo wake mara mbili: uko tayari? Msumari anajibu kwa kubinya mara mbili: niko tayari. Asipojibu, hatupwi. Anashushwa, wanajifanya wameteleza, wanaanza upya. Hakuna mtazamaji aliyewahi kuona. Hiyo nayo nimeibuni mimi. Pipa anadai wacheza mieleka wote wanabinyana hivyo tangu babu yake hajazaliwa. Pipa ana wivu.

Jumatano, 5 Machi

Nimepita kibandani kwa Msumari kumpa habari za bango. Kibanda ni upana wa mlango na urefu wa kitanda, taa moja, bisibisi zimepangwa kwa ukubwa, simu zimefunguliwa matumbo. Mteja mmoja mama kasimama anangoja.

Msumari kadondosha skrubu. Ile ndogo kama punje ya mchanga. Kaiokota, kaidondosha. Kaiokota, kaidondosha. Mara ya tatu kaiokota kwa mkono wa kushoto. Mama akamwambia, mwanangu kama umechoka nitakuja kesho. Akasema hajachoka.

Mama alipoondoka nikamuuliza. Akanionyesha kidole cha mwisho na kinachofuata, mkono wa kulia. Ganzi. Tangu pambano la mwezi uliopita. Kama mkono ulioulalia, Mjomba, ila huu hauamki.

Nikamsimulia mimi nilivyokuwa na ganzi ya mguu mzima, mwezi mzima, na bado nikambeba mtu wa kilo mia na hamsini nikazunguka naye ulingo mara mbili. Akasema nilipomsimulia mara ya mwisho alikuwa wa kilo mia na thelathini. Nikamwambia alinenepa baadaye.

Akacheka. Kisha akaacha kucheka. Usimwambie kaka, akasema. Ukimwambia kaka atakwenda kwa Mama moja kwa moja hata viatu hajavaa, na mkanda basi tena.

Nikamwambia mimi ni kaburi.

Jumamosi, 8 Machi

Mazoezi ukumbini mchana. Nimefunga milango, nimekaa kwenye kona yangu na taulo begani. Gunia la pumba ndilo mpinzani.

Nyundo kambeba mdogo wake, kabinya. Kimya. Kamshusha. Kambeba tena, kabinya, kimya, kamshusha. Vipi dogo, akasema, umesinzia huko juu? Nikuletee mto?

Msumari akasema jasho, mikono inateleza. Nyundo akafuta mikono ya mdogo wake kwa shati lake mwenyewe, kidole kimoja kimoja, kama mtu anayefuta vijiko vya wageni. Hakuona kitu. Ganzi haina rangi.

Nikaomba mapumziko. Nikamchukua Msumari nyuma ya rundo la viti. Kumbe sasa ni kiganja chote. Anaweza kukunja vidole, anaweza kubinya, lakini hasikii anapobinywa. Hajui kaka yake kabinya saa ngapi.

Hapo ndipo akili yangu ilipofanya kazi. Nikamwambia: kwani unahitaji kusikia? Nyundo hafanyi jambo lolote haraka. Akishakuweka begani anavuta pumzi moja kubwa, ndipo anabinya. Wewe sikiliza pumzi. Akishavuta, hesabu moja, mbili, halafu binya. Umesikia hujasikia, binya mara mbili.

Wamejaribu mara sita. Zote sita jibu limekuja palepale. Nyundo kafurahi, kasema leo dogo ameamka. Gunia limepasuka.

Mtu mwingine angehangaika mwezi mzima. Mimi dakika tano.

Jumapili, 9 Machi

Nimekula vizuri. Sina neno la kuandika.

Nimefikiri hivi: zamani jibu lilimwambia Nyundo kwamba mdogo wake yuko tayari. Sasa linamwambia nini? Linamwambia kwamba Nyundo mwenyewe amevuta pumzi.

Haya ni mawazo ya Jumapili. Mtu akikosa kazi anafikiri ovyo.

Alhamisi, 13 Machi

Kwa dada. Chumba cha mbele ndicho cha kushonea: cherehani mbili, vitambaa mpaka dirishani, huwezi kukaa bila kukalia suruali ya mtu. Kawashonea wapwa zangu nguo mpya za ulingoni, nyeusi na nyekundu. Ya Nyundo imetumia kitambaa cha mapazia mawili. Dada akasema mwanangu ukikosa mkanda tutakutundika dirishani.

Msumari alipomaliza kujaribu yake akarudi kuvaa shati lake. Vifungo vikamshinda. Alijigeuza ukutani tusione, lakini huwezi kumgeuzia mama mgongo katika chumba kile, hakuna nafasi. Dada alikuwa na pini mdomoni. Akaenda akamfungia vifungo vyote, kuanzia chini kwenda juu.

Watoto walipotoka akazima cherehani. Akaniambia: mdogo wangu, nitazame.

Nina miaka hamsini na mbili na mtu huyu bado ananiita hivyo kwa sauti ile ile aliyokuwa akiniitia tukiwa watoto tunachunguliwa masikio.

Mtoto ana nini mkononi?

Nikamwambia wapenzi wa mieleka walimsalimia sana, kila mtu anataka kumshika mkono, umechoka. Mtu maarufu ndivyo alivyo. Nikamwambia na mimi wakati wangu nilikuwa natembea na mkono mfukoni wiki nzima kwa salamu.

Akasema: mimi moyo wangu ni mdogo, unajua. Sijawahi kwenda hata siku moja. Nawashonea nguo, nakaa hapa, nasubiri viatu vyao mlangoni. Wewe ndiye macho yangu kule. Niliwaruhusu kwa sababu uliniambia utakaa kona, na ukiona baya unarusha taulo, mchezo unasimama. Si uliniambia?

Nikasema niliniambia. Nilikuambia. Nimeandika vibaya kwa sababu hata kusema nilikosea.

Jicho langu halikosi, nikamwambia.

Akawasha cherehani.

Ijumaa, 14 Machi

Pipa na Mfuniko wamekuja kupanga pambano pamoja nasi. Watu wanadhani tunachukiana. Pipa alinisaidia kubeba viti.

Pipa anakaribia hamsini, dereva wa gari la taka, tumbo limemtangulia dakika mbili. Mfuniko ni shemeji yake, mrefu, haongei. Mpango: mwishoni Mfuniko anapanda kwenye kamba kumtukana refa, refa anamgeukia, anawapa mgongo wote. Pipa anapigwa na kiti, analala chali. Nyundo anambeba Msumari. Pigilio. Nyundo akishatupa anawageukia watu, mikono juu, kama hana haja ya kutazama. Hilo la kutotazama nililiongeza mimi mwaka juzi, watu wanalipenda kupita kiasi. Refa anageuka, anahesabu. Mkanda.

Wakafanya kwa kweli mara moja, Pipa akiwa chini. Watu wakapeana mikono, wakaenda kuoga.

Pipa hakwenda kuoga. Alikuja nilipokuwa, akakaa kwenye kiti, kiti kikalia.

Mzee wa viti, akasema. Nimesikia mkono mmoja.

Mkono gani?

Yule mtoto akitua, siku zote nasikia pa-pa. Mikono miwili, huku na huku kwangu. Ndipo uzito unakuja, na unakuja mwepesi. Leo nimesikia pa. Moja. Na uzito umekuja wote.

Nikamwambia masikio yake yameharibiwa na injini ya lori. Nikamwambia mimi nilikuwa pale kona, mikono nimeiona yote miwili, imetua pamoja kama mabawa ya njiwa.

Pipa akanitazama. Akasema: mimi huwa nageuza uso na kufumba macho, kila anayelaliwa hufanya hivyo, ukitazama utajikaza uvunjike mbavu. Kwa hiyo sikuona. Kama wewe umeona, umeona.

Ndiyo, nimeona, nikasema.

Akainuka akashika mbavu zake za kulia. Haya, akasema. Ila hizi nazo zina maoni yao.

Jumanne, 18 Machi

Mabango yametoka. Nyundo na Msumari wakubwa kama nyumba. PIGILIO kwa rangi ya moto. Kocha – Mjomba yapo, pembeni ya jina la mchapaji, herufi kama sisimizi wamepumzika. Nimechukua mabango kumi na mbili. Nimebandika moja mlangoni kwangu ndani na moja nje.

Msumari amekuja kunitafuta saa saba mchana. Sasa akiinamisha kichwa, kidevu kikigusa kifua, anapigwa shoti. Kama waya wa umeme, kutoka shingoni, mgongoni, mpaka kisigino. Anatengeneza simu akiwa amesimama, simu kaiweka juu ya kabati, usawa wa macho, ili asiiname.

Nikamwambia apake dawa ya kuchua. Akasema amemaliza chupa mbili.

Nikaamua kumwambia Nyundo. Naandika hili lijulikane: niliamua. Nilikwenda kwa miguu mpaka ghala la saruji. Vumbi jeupe, watu wote nyusi nyeupe kama wazee. Nyundo alikuwa juu ya lori. Aliponiona akaruka chini, akawaita wenzake: huyu ndiye, huyu ndiye kocha wetu, niliyewaambia. Wanaume saba wakanishika mkono. Mmoja akaniuliza ni kweli nilimbeba mtu wa kilo mia mbili?

Nyundo akanivuta pembeni. Mjomba, akasema, bosi amenipa Jumamosi nzima. Unajua tangu nizaliwe kila nilichobeba ni cha mtu mwingine? Mkanda utakuwa kitu cha kwanza.

Dogo vipi? akaniuliza. Mzima?

Mzima, nikasema.

Nilirudi kwa njia ya mbali.

Jumatano, 19 Machi

Leo Msumari amedondosha kikombe. Amesema kilikuwa cha moto. Kilikuwa kitupu.

Ijumaa, 21 Machi

Nimemwendea Promota ofisini. Ofisi ni meza, feni, na picha zake mwenyewe. Nikamuuliza, kwa njia ya kitaalamu tu, je, Pigilio likitolewa? Washinde kwa njia nyingine, kwa kumfunga Pipa kwenye kamba labda.

Akasema: nimechapisha mabango mia tatu. Watu hawaji kutazama Pipa akifungwa kamba, wakitaka hilo wataenda kumtazama akivaa mkanda wa suruali. Kisha akauliza: kuna tatizo? Kama kuna tatizo sema sasa, nina watu wengine wawili wanasubiri simu yangu.

Aliniuliza waziwazi. Mtu hawezi kusema hakuniuliza.

Nikasema nilikuwa nampima kama ana msimamo. Akacheka, akanipa soda.

Jioni hii Msumari amekuja tena, kakaa kwenye ngazi za ukumbi, shingo imenyooka kama amevaa sahani kichwani. Aliniuliza kitu kimoja. Mjomba, kesho ukiwa kona, ukiona mkono wangu wa kulia umechelewa tu, hata kidogo, hata kabla sijatua vizuri, utarusha taulo? Maana kama nimetua vibaya wasinigeuze. Nimesoma kwenye simu. Wasinigeuze, na mtu aseme nimetua vipi.

Nikamwambia macho yangu yako juu yako tangu una siku mbili.

Akasema haya, Mjomba. Akanipa mkono wa kushoto.

Jumamosi, 22 Machi, asubuhi

Nimepanga viti tangu alfajiri. Viti elfu mbili. Sawa, mia nne na ishirini. Vikijaa vinaonekana elfu mbili.

Promota amekataza simu za kurekodi, anataka kuuza picha zake mwenyewe. Kamera yake moja kaiweka mlango wa mbele, itatazama mgongo wa Nyundo. Nikamwambia haitaona kitu cha maana. Akasema itaona watu wakishangilia, ndicho kinachouzika.

Nimekaza kamba za ulingo kwa mkono wangu. Nimegonga sakafu yote kwa kisigino, ubao kwa ubao. Sijawahi kufanya hivyo siku nyingine. Kuna ubao mmoja katikati unajibu kwa sauti nene kuliko wenzake. Nimeugonga mara nyingi. Ni mzima.

Nyundo kafika anaimba. Msumari kafika na begi mkono wa kushoto.

Jumamosi hiyo hiyo, saa kumi na mbili kasoro jioni, hospitali

Naandika kwenye benchi. Kalamu ya muuguzi.

Pambano lilikwenda vizuri mno. Naapa. Watu walisimama juu ya viti vyangu. Mfuniko alimtukana refa ukumbi mzima ukacheka, na refa akageuka kama ilivyopangwa. Pipa akala kiti, akalala. Nyundo akambeba mdogo wake. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwao, hakuna mtu aliyekuwa karibu kuliko mimi. Niliona kifua cha Nyundo kikijaa pumzi. Niliona vidole vya Msumari vikibinya, moja, mbili.

Kisha kishindo. Sauti moja. Haikuwa pa-pa na haikuwa pa. Ilikuwa kama mfuko wa saruji ukidondoka kutoka kwenye lori.

Refa akageuka akahesabu mpaka tatu, maana ndiyo kazi yake. Kengele. Watu wakalipuka. Nyundo kaipa mgongo sakafu, mikono juu, mtu akamwekea mkanda begani, anacheka. Na Pipa chini, naye ameshindwa kwa mpango, hakupaswa kusema kitu, Pipa akaanza kusema kwa sauti ya chini: asiguswe. Asiguswe huyu. Refa akapishanisha mikono juu ya kichwa, alama ya msalaba. Kwetu alama hiyo maana yake mtu ameumia kweli. Watu wakaishangilia nayo. Walidhani ni sehemu ya mchezo.

Taulo lilikuwa bado begani kwangu.

Tumeletwa na gari la wagonjwa. Msumari anapumua, anaongea kidogo, anatazama dari. Aliuliza kama wameshinda. Kuhusu miguu hasemi kitu na sisi hatumuulizi.

Daktari ni mwanamke kijana, sauti ya chini, hana haraka na hiyo ndiyo inatisha. Kauliza: kabla ya leo alikuwa na dalili yoyote? Ganzi, udhaifu?

Dada yuko pale, bado ana pini kwenye kola. Nyundo yuko pale, mkanda mapajani, hajui auweke wapi. Na mimi nikasema. Nimesema yote, tarehe kwa tarehe. Skrubu, kiganja, shoti ya mgongoni. Nikasema na la kuhesabu pumzi, kwamba nilimfundisha mimi, kwamba Nyundo alikuwa anajibiwa na hesabu. Nyundo alisimama, akatembea mpaka mwisho wa ukumbi wa wagonjwa, akakaa chini sakafuni ametazama ukuta. Dada hakupiga kelele. Alisema tu: mdogo wangu. Mara moja. Nilitamani anipige.

Kwa hiyo kubwa nimelisema. Hilo nataka lihesabiwe.

Ndipo daktari akauliza la pili. Mashine ya picha ina mgonjwa ndani, itachukua muda. Kabla ya hapo lazima wamhamishe kutoka machela kwenda kitandani, na anataka kujua wamshike vipi. Alitua na nini kwanza? Kichwa, bega? Bega gani? Shingo ilikunjika mbele au nyuma? Akasema hili ni muhimu, msikisie.

Refa alikuwa amegeuka, na Mfuniko aliona kifua cha refa tu. Nyundo alikuwa anawapungia watu. Msumari mwenyewe hakumbuki kitu baada ya kutupwa. Pipa, aliyekuja nasi, alikuwa amefumba macho, kasema hivyo hivyo bila haya, mimi nilifumba, daktari, sikuona. Watu mia nne na ishirini waliona na wote wamekwenda nyumbani. Wakanigeukia mimi. Dada akasema: huyu aliona. Huyu ndiye anayetazama.

Nikasema bega la kushoto. Nikasema bega la kushoto kwanza, halafu ubavu, shingo ikaenda mbele kidogo tu. Nilionyesha na kwa mkono. Sauti yangu ilitoka nzuri, ile ya kusimulia. Daktari akaandika. Akasema asante mzee, umetusaidia sana. Dada akanishika mkono.

Hiyo ni robo saa iliyopita. Wauguzi wanne wameingia ndani na mashuka. Nasikia daktari anawapanga: wewe kichwa, wewe kiuno, bega la kushoto msiliguse, tutamgeuzia kulia. Mlango uko wazi kiasi cha mkono. Kutoka benchi hili ni hatua sita, nimezihesabu.

Pigilio arobaini na tatu kwa miaka minne, na sijaona hata moja. Nyundo akishapiga hatua ya kwanza mimi hufumba macho. Hufumba mpaka nisikie refa anasema tatu. Leo pia nilifumba.